Dodoma Inarejelewa Sana. Je, Vyuo Vyake?

(Hotuba kwa wahadhiri na wanafunzi wa uzamili na uzamivu, Dodoma. Nimeiandika upya kutoka kwenye karatasi nilizozungumza nazo, na nimeongeza maswali machache ya mwishoni.)

Mheshimiwa Mwenyekiti, maprofesa, wahadhiri, wakutubi wenzangu, na ninyi wanafunzi mlioacha tasnifu zenu mezani kuja kumsikiliza mkutubi mstaafu, itifaki imezingatiwa. Mbukwenyi!

Nimepewa mada ndefu: utafiti unaotoka chuo kikuu na jinsi unavyorejelewa, yaani unavyotajwa kama chanzo katika maandishi yao, na wasomi wa dunia. Mwenyekiti aliomba nije na takwimu. Sikuja nazo. Idadi ya makala za chuo chochote mnaweza kuitafuta kwenye simu zenu kabla sijamaliza salamu, na mwezi ujao itakuwa imebadilika. Nimekuja kuzungumzia jambo ambalo idadi hiyo hailioneshi. Ardhi hii ya Ugogo na Irangi imeandikwa sana, imepimwa sana na imerejelewa sana, lakini ukifuatilia nani alihesabiwa kwa kazi hiyo, mara nyingi unatua London, Stockholm au Baltimore.

Tuanze na Kongwa. Mwaka 1946 ujumbe wa Waingereza ukiongozwa na John Wakefield ulizunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa ikitazamwa kutoka angani, ukapendekeza karanga zilimwe kwa matrekta. Mwaka 1947 kazi ikaanza. Mvua haikufika inavyotakiwa, udongo wa mfinyanzi ukakauka na kuwa mgumu wakati wa kung'oa karanga, na mwaka 1951 mpango ukafutwa baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Leo ukisoma maandiko ya maendeleo, popote duniani, Kongwa hutajwa kama mfano wa mradi ulioanza kabla ya utafiti. Mgogo yeyote wa wakati ule angewaambia habari za mvua ile bila kudai posho. Hakuulizwa.

Kongwa hiyohiyo ikaja kutajwa kwa heri. Mnaujua ugonjwa wa vikope, ule ambao wataalamu wanauita trakoma, unaogeuza kope zikwaruze jicho hadi mtu apofuke. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, wakiwa na Watanzania, wamefanya kazi Kongwa kuhusu vikope. Mwaka 1995 jarida la Lancet lilichapisha jaribio lao la vijiji sita: vyote vilipata dawa ya macho, vitatu vikaongezewa kampeni ya kuwaosha watoto nyuso. Watoto waliodumu na uso safi walipata vikope vikali kwa kiasi kidogo kuliko wenzao. Usafi wa uso ni moja ya nguzo nne za mkakati ambao Shirika la Afya Duniani linausimamia dhidi ya ugonjwa huo, pamoja na upasuaji, dawa na usafi wa mazingira. Kwa hiyo akina mama wa Kongwa waliokuwa wakihesabu maji ya ndoo, haya ya kuosha uso na haya ya ugali, wamo ndani ya sera ya dunia nzima.

Hapo nitende haki. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007. Mwaka 1995 Chimwaga, ambao leo ni ukumbi wa chuo hicho, ulikuwa ukumbi wa mkutano mkuu wa CCM uliomteua Mzee Mkapa kugombea urais, ambaye baadaye akawa Mkuu wa kwanza wa chuo hicho. Huwezi kukilaumu chuo kwa kukosa jina kwenye makala iliyoandikwa kabla hakijazaliwa. Na marejeleo huhitaji muda. Makala ya mwaka huu hukaa mwaka mmoja au miwili kabla mwenzako hajaisoma, hajaitumia, na makala yake yeye haijatoka. Kulinganisha chuo cha 2007 na chuo kilichokuwepo tangu 1961, kama kile cha Mlimani, kwa jumla ya marejeleo, ni kutafuta maneno.

Lakini kuna habari nyingine ambayo kwayo utetezi huo hautoshi. Nataka nikae hapo kidogo.

Kaskazini ya mji kuna visima vya Makutupora, ambavyo jiji hili limevitegemea kwa maji tangu lilipokuwa mji mdogo wa reli. Kuanzia miaka ya 1950 mafundi wa idara ya maji walikuwa wakienda kupima kina cha maji ndani ya visima na kuandika. Serikali zikabadilika, wizara zikabadilika majina, wao wakaendelea kuandika. Mwaka 2013 rekodi hiyo ya miaka 55 ikawa msingi wa makala katika jarida la Nature Climate Change. Mwandishi wa kwanza alitoka chuo kikuu kimoja cha London; wataalamu wa Kitanzania wa sekta ya maji walikuwa miongoni mwa waandishi, na hilo ni jambo la heshima. Makala ilionesha kwamba maji ya chini ya ardhi hapa hayaongezeki kidogo kidogo kila masika. Kina hushuka miaka na miaka, halafu unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa isiyo ya kawaida, kama ule wa El Niño ya 1997/98, maji yanapanda kwa pamoja, kisha yanaanza kushuka tena.

Fikirieni uzito wa jambo hilo kwa jiji lililokuwa na watu zaidi ya 410,000 katika sensa ya 2012 na zaidi ya 765,000 katika sensa ya 2022. Ukipima miaka mitano tu, ukaangukia kwenye kushuka, utaandika kwamba visima vinakufa. Ukipima miaka mitano mingine, ukaangukia kwenye kupanda, utaandika kwamba hakuna tatizo, tuchimbe zaidi. Makala zote mbili zingepita bila shida kwa wahakiki, wale wasomi wanaoikagua makala kabla haijachapishwa, na zote mbili zingepotosha. Kilichookoa ni daftari lililojazwa kwa miongo mitano na watu ambao kazi yao haikuitwa utafiti.

Sasa swali langu kwenu, maana mimi nimestaafu na siogopi kupoteza cheo: hapa vyuoni, nani angepandishwa daraja kwa kujaza daftari lile? Mnajua utaratibu wetu. Mhadhiri anahesabiwa pointi kwa makala, na pointi hugawanywa kulingana na nafasi yake kwenye orodha ya waandishi. Kupima kina cha kisima kila mwezi kwa miaka kumi hakuna pointi. Makala tano nyembamba kutoka kwenye dodoso moja la wiki mbili zina pointi, tena ukizikata vizuri zinafika saba. Tumeweka malipo mahali pasipo na mali, halafu tunashangaa mali inachukuliwa na mgeni. Ni sawa na kuuza zabibu kwa kilo shambani huku jirani anauza mchuzi wake kwa lita.

Niwaambie kidogo hesabu hii ya marejeleo ilikotoka, kwa sababu ilianzia kwetu sisi wa maktaba. Wanasheria wa Marekani ndio walitangulia: tangu 1873 walikuwa na kitabu cha kuonesha hukumu ipi imetajwa na hukumu zipi za baadaye, ili wakili asisimame mahakamani na hukumu iliyokwisha kutenguliwa. Eugene Garfield aliuchukua ujanja huo, mwaka 1955 akapendekeza uingizwe kwenye sayansi, na mwaka 1964 faharasa yake ya marejeleo ikatoka. Nia ilikuwa kumsaidia msomaji kufuata wazo kutoka makala moja hadi nyingine. Kile kipimo cha nguvu ya jarida, ambacho leo kinawanyima watu usingizi, kilikusudiwa kusaidia kuchagua majarida ya kuingiza kwenye faharasa na ya kununua maktabani. Hakikutengenezwa kumpima Mwalimu fulani wa Idara ya Jiografia.

Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch akaleta kipimo cha mtu binafsi, ile h. Ukiwa na makala tano zilizorejelewa angalau mara tano kila moja, na huwezi kufikisha sita kwa sita, h yako ni 5. Rahisi, na ndiyo maana ilienea. Haijui kama ulikuwa mwandishi wa kwanza au wa mia moja na kumi. Haijui kwamba daktari hurejelewa haraka na mtu wa fasihi hurejelewa polepole. Mwaka 2020 Hirsch mwenyewe aliandika kwamba kipimo chake kinaweza kushindwa vibaya na kuleta madhara asiyoyakusudia. Aliyekitengeneza anasema hivyo. Kamati zetu bado zinakisoma kama cheti cha kuzaliwa.

Kuna kisa cha Misri ambacho kila makamu mkuu wa chuo anapaswa kukijua. Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Alexandria kilitokea ghafla kwenye nafasi ya 147 duniani katika orodha ya vyuo bora ya Times Higher Education, na upande wa marejeleo kikawa cha nne kwa dunia nzima. Watu wakachimba. Wakakuta sehemu kubwa imetokana na makala za mtu mmoja, nyingi zikiwa zimechapishwa katika jarida ambalo yeye mwenyewe alikuwa mhariri wake. Chuo kizima, na walimu wake wema wengi, kikapandishwa na kalamu moja. Waandaaji walilazimika kubadili namna ya kuhesabu.

Sisemi tuache kuhesabu. Wafadhili wanaangalia, wanafunzi wa nje wanaangalia, na mwalimu mzuri anayerejelewa sana anastahili kuonekana. Ninachosema ni kwamba tuna kasoro za bure ambazo zinatushusha hata kwa kazi tuliyokwisha kuifanya. Ya kwanza ni jina. Makala moja inaandika jina la chuo kwa kirefu cha Kiingereza, nyingine kwa kifupi, nyingine inataja idara tu na sanduku la posta, nyingine inatoka kwa mhadhiri aliye masomoni Ulaya na inataja chuo cha huko peke yake ingawa mshahara wake unatoka Dodoma. Kompyuta haina ndugu wa kumuuliza. Inaona vyuo vinne. Hata Makutupora yenyewe, kwenye makala za Kiingereza utaikuta Makutapora, na mtafutaji anayetumia tahajia ya kwetu anakosa kila kitu. Jisajilini ORCID, ile namba ya mtafiti iliyoanza mwaka 2012. Ni bure, na inamtenganisha John Joseph mmoja na wenzake wote mnaowajua.

Ya pili ni majarida ya kitapeli. Barua pepe inakuita Profesa Mashuhuri na wewe ni mhadhiri msaidizi wa mwaka wa kwanza. Inasema makala itatoka ndani ya siku tano, ada dola mia na hamsini. Hakuna mhakiki atakayeisoma, na mara nyingi hakuna kanzidata kubwa, ile orodha ya kompyuta inayohesabu makala na marejeleo, itakayoiweka. Umetoa fedha na umezika data. Ninawaelewa wanaoangukia huko, maana upande wa pili nako kuna ukuta: ada ya kuchapisha wazi katika jarida la Nature ilipotangazwa kwa ajili ya mwaka 2021 ilikuwa euro 9,500. Lakini wachapishaji wengi wakubwa wana msamaha wa ada, mzima au nusu, kwa waandishi wa nchi kama yetu. Uombeni mapema, kabla ya kuwasilisha. Makala ikishakubaliwa mara nyingi mlango umefungwa. Na majarida yasiyotoza chochote yapo, yakiwemo ya Kiafrika mnayoyakuta kwenye AJOL, ile tovuti ya majarida ya Afrika.

La tatu linawahusu wakuu wa vyuo zaidi. Fedha kwa kila makala, nawaombeni mfikiri mara mbili. Zawadi kwa makala iliyofika kwenye jarida kubwa ni jambo jema, na Serikali kupitia Wizara ya Elimu imeonesha njia hiyo. Lakini ukilipa kwa idadi utapata idadi. Mimi ningependa kuona sehemu ya fedha hiyo, hata robo, inawekwa kwa ajili ya rekodi. Idara ijitwalie kitu kimoja cha Dodoma, ikipime, ikiandike, na mkuu wa idara anapoondoka akabidhi daftari pamoja na funguo za ofisi. Na tuweke mkataba wazi na kila mtafiti mgeni: nakala ya data inabaki, na mtu wa hapa anashiriki kuanzia kwenye kulijenga swali. Mtu anayeitwa mwishoni, kutafsiri dodoso kwa Kigogo na kuelekeza dereva njia ya Mvumi, hafiki mbali kwenye orodha ya waandishi.

Msiseme hakuna cha kuanzia. Mwaka 1972 Anders Rapp na wenzake walichapisha utafiti wa mmomonyoko wa udongo na mabwawa kujaa tope katika mabonde manne ya karibu na mji huu: Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi. Ulikuwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wasomi wa Sweden, na kazi za kundi lile zinasomwa hadi leo. Mwaka uliofuata mradi wa HADO ukaanza, Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika la Kondoa. Ni zaidi ya nusu karne sasa. Vipimo vya kuanzia vipo, vimechapishwa. Mji umekua, vilima vimejengwa, barabara zimekata mabonde. Tope limeongezeka kwa kasi ileile, zaidi, au pungufu? Mwanafunzi wa uzamili mwenye kamba, mashua ndogo na msimamizi mvumilivu anaweza kuandika makala ambayo mtu wa Nairobi, Addis Ababa au New Delhi atalazimika kuirejelea, kwa sababu kurudia kipimo baada ya miaka hamsini ni jambo adimu. Na hiyo makala itaanza na jina la chuo cha Dodoma.

Nikomee hapo, Mwenyekiti, maana naona saa.

*

Maswali yalikuwa mengi, naandika matatu.

Mhadhiri wa Kiswahili aliuliza kama nimewasahau, kwa kuwa makala zao hazionekani kwenye kanzidata kubwa na kwa hiyo h zao ni ndogo. Nilimjibu kwamba kanzidata hizo zimejaa Kiingereza, na kuwapima watu wa Kiswahili humo ni kuwaonea. Kamati isome kazi yenyewe. Hata hivyo nikamwomba kitu: muhtasari wa Kiingereza kwenye kila makala, na nakala kwenye hifadhi ya kidijiti ya chuo, kwa sababu wapo wasomi wa Leipzig na Osaka wanaokisoma Kiswahili vizuri na wanakosa tu pa kuzikuta kazi zetu. Akacheka, akasema Leipzig wanamrejelea kuliko ofisi ya jirani yake.

Mwingine alitaka kujua kama ripoti aliyoiandikia mamlaka ya maji, iliyobadilisha mahali pa kuchimba kisima, ina thamani yoyote kwa chuo. Ina thamani kubwa kuliko makala nyingi nilizowahi kuzipanga rafuni, nilimwambia, ila hakuna kompyuta itakayoihesabu. Aombe barua kutoka kwa mamlaka hiyo ieleze kilichobadilika, aiambatishe kwenye maombi yake ya kupanda daraja, na kama kamati itaiweka pembeni, ailazimishe iandike kwa nini. Maprofesa wawili wa mstari wa mbele walitazamana.

Wa mwisho alikuwa binti wa uzamili wa jiografia, aliyenifuata mlangoni kuuliza ile makala ya Rapp ya 1972 anaipata wapi. Iko Geografiska Annaler, mfululizo A, juzuu la 54. Nikamshauri aanze na Imagi, kwa kuwa anafika kwa bodaboda na hahitaji kusubiri bajeti ya idara.